Vyombo vyote hadi ng'ambo ya mpaka: vidokezo kwa anayehama kutoka Mbita

Watu wa Mbita wamezoea kuhama. Wazee wa Wasuba husimulia kwamba mababu zao walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda, wakatua Mfangano na Rusinga, kisha wakasambaa bara. Siku hizi safari zinaelekea kote. Kijana anapata kazi kiwanda cha samaki Mwanza, binti anaolewa Shirati, mwalimu anaitwa na shule ya binafsi Musoma, familia inapanga nyumba Busia upande wa Uganda. Ndugu wako pande zote za mpaka, na kwa sababu hiyo wengi huchukulia kuhamia Tanzania kama kuhamia Homa Bay mjini. Wanapakia kila kitu kwenye Canter alfajiri, na saa sita mchana wamekaa juani pale Sirari mpakani, watoto wana njaa, wanaulizwa maswali ambayo hawakuyaandalia majibu.

Vidokezo hivi ni vya kukuepusha na jua hilo. Nimekaa zaidi kwenye njia ya Isebania na Sirari, maana ndiyo inayobeba wengi wetu. Wa Uganda, na wa mbali zaidi, nao wana sehemu yao.

1. Orodha kwanza, maboksi baadaye

Kabla hujaomba boksi tupu dukani, chukua daftari, pita chumba kwa chumba, uandike kila kitu: jina lake, idadi, kimetumika muda gani, na thamani yake ya sasa kwa makadirio ya haki. Vitanda viwili vya mbao, miaka sita. Friji moja, miaka minne. Magodoro matatu. Sufuria tisa. Vijiko na vikombe unaweza kuvijumlisha, lakini chochote chenye waya wa umeme kiandikwe pamoja na namba yake ya kiwandani. Tengeneza nakala tatu, kila moja na saini yako na tarehe.

Sababu ya kazi hii ni ya kisheria. Kenya, Tanzania na Uganda zote hutumia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Sheria hiyo inamsamehe ushuru mtu anayehamisha makazi yake: nguo zake, na vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia kule alikotoka. Afisa wa forodha anatakiwa aridhike kwa mambo mawili tu, kwamba kweli unahama, na kwamba vitu hivyo kweli vilikuwa vikitumika nyumbani kwako. Usipompa karatasi ya kumridhisha, anachokiona ni lori lililojaa, na malori yaliyojaa anayoyaona kila siku ni ya wafanyabiashara.

Pamoja na orodha, ambatisha ushahidi wa kuhama: barua ya kazi, mkataba wa nyumba unayokwenda kupanga, cheti cha ndoa ikiwa unamfuata mwenzio, na barua ya chifu wa huku inayosema ulikuwa mkazi wa wapi na unahamia wapi. Barua ya chifu watu huidharau, lakini ukiipata yenye muhuri na namba ya simu ya ofisi, inakuongezea nguvu sana mezani.

Nakala iliyogongwa muhuri mpakani ihifadhi pamoja na vyeti vya watoto. Vitu vilivyosamehewa ushuru vilisamehewa kwa sababu ni vya matumizi yako. Ukitaka kuviuza baadaye huko ulikohamia, kaulize ofisi ya mapato kwanza, kwani ushuru ule unaweza kudaiwa.

Na jambo linalowasaidia wengi bila wao kulijua: si lazima vitu vyote vivuke siku moja na wewe. Sheria inakubali mizigo ya anayehama ifuate ndani ya siku 90 tangu alipoingia yeye. Kwa hiyo unaweza kutangulia na masanduku, ukatafuta nyumba kwa utulivu, ukarudi kuchukua vyombo ukishajua mlango wa sebule una upana gani. Siku unayotangulia, mwambie afisa kwamba mizigo inafuata, na umwachie orodha.

2. Vipya visikae na vilivyotumika

Blenda ikiwa ndani ya boksi lake la dukani, na plastiki yake bado haijatolewa, inaonekana bidhaa. Blenda ile ile yenye alama ya uji wa jana ni chombo cha nyumbani. Ukinunua kitu kipya kwa ajili ya makazi mapya, kitoe kwenye boksi, kitumie, hifadhi risiti.

Sheria yenyewe inataja visivyosamehewa: bidhaa za kuuza au za kugawia wengine, pombe na tumbaku kupita kiwango kidogo cha msafiri, na vitambaa vya jora. Hilo la mwisho liwafikie mafundi cherehani. Cherehani yako uliyoikalia miaka mingi ni mali ya nyumba yako, lakini majora ya kitenge yaliyobaki dukani ni biashara. Vivyo hivyo magunia ya omena. Debe moja la kula njiani halimletei mtu shida. Magunia manane ni mzigo wa soko.

Biashara si dhambi, ila ina dirisha lake. Kwa mzigo mdogo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa zimezalishwa ndani ya Jumuiya na zimo kwenye orodha iliyokubaliwa, kuna utaratibu rahisi wa cheti cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani. Uombe huo kwa mzigo wa biashara, na vyombo vya nyumbani uviombee msamaha wake. Ukivichanganya, vyote hutazamwa kwa jicho la biashara.

3. Jua unachokwenda kufanya kabla hujabeba zana zake

Hili limekuwa zito tangu Julai 2025, Tanzania ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15 za aina mbalimbali. Humo kuna uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni isiyokuwa ndani ya hoteli, duka la rejareja la kawaida, na kununua mazao shambani kwa mkulima. Mama anayebeba viti vya saluni na draya tatu akidhani atafungua kibanda Tarime wiki inayofuata, anabeba hasara. Viuze Mbita, ubaki na pesa. Kama kweli una mpango wa biashara kubwa inayoruhusiwa, pata kibali kwanza, zana zifuate.

4. Piga hesabu ya kila kitu kikubwa

Swali la kujiuliza kwa kila kitu kizito: nikiuza hapa na kununua kule, nitapungukiwa shilingi ngapi? Mwanza na Musoma kuna maseremala hodari wanaotengeneza vitanda na makabati mitaani, na bei ya kuchonga kitanda kipya mara nyingi haiko mbali na nafasi ambayo kitanda chako kitakula ndani ya lori. Makochi makubwa yale ya kujaza sebule ni ya kuuzwa, hata yakiwa na vitambaa vya kufuma alivyokutengenezea mama mkwe. Vitambaa beba. Makochi achia jirani kwa bei nzuri.

Tenki la maji la plastiki linastahili safari, hasa kwa kuwa unaweza kulijaza nguo na magodoro ndani. Godoro zuri beba. Friji beba kama ina afya na unajua utapata umeme. Plagi si tatizo, maana soketi za pini tatu bapa utazikuta Uganda na Tanzania, ingawa Tanzania kwenye nyumba nyingine utakutana na soketi za pini za duara, kwa hiyo weka adapta mbili kwenye mkoba. Friji isafiri wima. Ikilazwa, iache isimame saa kadhaa kabla ya kuiwasha.

Mtungi wa gesi usibebe. Ukiwa na gesi ni hatari ndani ya gari lililofungwa pamoja na magodoro na watu, na hata ukiwa mtupu, kampuni za kule zina mitungi yao na utahangaika kupata wa kukubadilishia. Uza mtungi, regulata na bomba. Kisimbuzi cha televisheni nacho kimesajiliwa kwa nchi, muachie mdogo wako.

Vitabu vya shule vya mtaala wa Kenya wape binamu. Vya hadithi beba vyote, watoto watavihitaji jioni za mwanzo ambazo hawana marafiki.

5. Karatasi za watu

Watu wengi hushughulikia lori wiki nzima na kukumbuka pasipoti siku ya mwisho. Kwa Tanzania kila mtu awe na pasipoti yake, hata mtoto mchanga. Hati ya muda inayotolewa na uhamiaji ni ya kutembea, usijaribu kuhamia nayo nyumba nzima. Kwa Uganda, Mkenya mtu mzima anaweza kuingia kwa kitambulisho cha taifa, kwa makubaliano ya mwaka 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, ila anayehama abebe pasipoti hata hivyo, kwa sababu benki na mwenye nyumba watamwuliza.

Mwananchi wa Jumuiya hupewa muda wa kukaa kama mgeni, hadi miezi sita. Kukaa kama mgeni si kukaa kama mfanyakazi. Anayeajiriwa Tanzania anahitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, na mwajiri wake ndiye anayepaswa kuanza mchakato huo mapema. Muulize mwajiri swali hili kabla hujatoa notisi ya nyumba Mbita. Akikujibu kwa kuzunguka, kaa kwanza.

Mpakani utaulizwa pia kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, na tangu 2016 cheti chake kinatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo kama ulichanjwa zamani, tafuta kadi hiyo kabatini kabla ya kulipia nyingine. Mzazi mmoja akisafiri na watoto, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake. Vyeti vya kuzaliwa, kijitabu cha kliniki cha kila mtoto, barua ya uhamisho ya shule na ripoti ya muhula wa mwisho vyote vikae kwenye mkoba wa mkononi. Mkoba huo haupandi kwenye lori.

6. Dawa ni zako, zisafiri na wewe

Nataka kila msomaji akisome kidokezo hiki polepole. Kaunti ya Homa Bay ni miongoni mwa zile zenye watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI nchini Kenya, na miongoni mwa wanaohama kila mwaka wamo wengi wanaomeza ARV na wana afya njema kwa sababu hiyo. Kuhama kusivunje mlolongo huo. Nenda kliniki yako wiki kadhaa kabla, sema wazi unahama nchi, omba barua ya uhamisho yenye jina la dawa, tarehe uliyoanza na kipimo chako cha mwisho cha wingi wa virusi. Omba pia dawa za miezi kadhaa. Kliniki zimezoea ombi hili, hasa kutoka kwa wavuvi, na hakuna wa kukushangaa.

Tanzania huduma hiyo hutolewa kwenye vituo vya tiba na matunzo, ambavyo wenyeji huviita CTC. Fika na barua yako mapema, usingoje vidonge viishe. Ushauri ni huo huo kwa mwenye presha, kisukari, kifafa au selimundu. Dawa zibaki ndani ya vifungashio vyake vya asili vyenye majina. Vidonge vilivyomiminwa kwenye kopo la kahawa havielezeki mezani kwa afisa.

Na chandarua. Kanda yote ya ziwa ina malaria, kutoka Mbita hadi Mwanza, na usiku wa kwanza katika nyumba mpya ni ule ambao vyandarua viko chini kabisa ya lori. Viweke juu.

7. Usifungie vitu kwenye juala

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Bado iko nyumba ambayo viatu vimefungwa kwenye mifuko ya zamani iliyofichwa nyuma ya kabati. Mpakani utaambiwa uiache, nawe utabaki na viatu vya familia nzima mkononi. Tumia magunia, mabegi makubwa ya nailoni yenye zipu, leso za zamani, ndoo zenye vifuniko.

8. Kufunga kwenyewe

Vyombo vya udongo na glasi vifungwe kwa shuka na vitenge, sahani zisimame wima ndani ya boksi badala ya kulala moja juu ya nyingine. Sufuria kubwa ijazwe ndogo, na ndogo zijazwe viungo vilivyofungwa vizuri. Skrubu za kila kitanda zitie kwenye soksi, soksi uifunge kwenye mguu wa kitanda hicho hicho. Magunia yaliyowahi kubeba omena yasikaribie nguo, hata yakiwa yamefuliwa.

Andika namba kwenye kila boksi, na namba hiyo iandikwe kwenye orodha yako. Afisa akisema anataka kuona boksi la saba, mfungulie la saba. Asipolipata ataomba lori zima lishushwe, na kulipakia upya pale Sirari, kwa vijana wa mizigo wanaojua una haraka, ni gharama ambayo hukuipangia.

Cha mwisho kupakiwa ndicho cha kwanza kushuka: chandarua, godoro moja, jiko, sufuria mbili, unga, kibiriti, ndoo ya maji, tochi.

9. Lori moja au mawili

Kutoka Mbita barabara inakwenda Homa Bay, takriban kilomita 40, kisha Rongo, Migori na Isebania. Baada ya mpaka ni Sirari, Tarime, halafu barabara kuu ya kuelekea Bunda na Mwanza, Musoma ikiwa kando yake ziwani. Anayeendelea Sengerema au Geita amepata nafuu kubwa, kwa sababu tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi liko wazi na hakuna tena kusubiri kivuko pale na mizigo.

Swali ni kama lori la Kenya livuke au lishushe mpakani. Likivuka, mwenye lori lazima awe na kibali cha kuingiza gari kwa muda na bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania nayo inaitambua. Mwenye Canter wa Mbita ambaye hajawahi kuvuka atakwambia ni kitu kidogo. Muombe akuonyeshe karatasi hizo kabla ya kumlipa malipo ya awali. Njia ya pili ni kushusha mpakani na kukodi gari la Tanzania upande wa Sirari. Vitu vinashikwashikwa mara mbili, glasi zinavunjika, lakini kwa mzigo mdogo mara nyingi ni nafuu na dereva wa kule anazijua mizani na polisi wa njia yake.

Isebania na Sirari ni kituo kimoja cha pamoja. Anayetoka Kenya hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili kwenye jengo la upande wa Tanzania, anayerudi hukaguliwa upande wa Kenya. Kwa hiyo kijana akikusimamisha Isebania na kukuambia ulipe hapa kwanza ili upate muhuri, endelea na safari. Malipo halali yana risiti ya mamlaka ya mapato, ya KRA au ya TRA, na hulipwa benki au kwa namba ya malipo, hayawekwi mkononi mwa mtu. Wakala wa forodha mwenye leseni anafaa kama mzigo wako ni mkubwa. Mpate kwa kuulizia ofisini, usimpate dirishani mwa gari.

Fika asubuhi, siku ya kazi. Jumamosi jioni hakuna wa kumpigia simu ukikwama.

10. Ziwa si njia ya panya

Kuna watakaokushawishi: boti ipo, ndugu yuko ng'ambo, usiku mmoja kutoka Muhuru na vyombo vimefika bila maswali. Nasema usikubali, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni maisha. Dhoruba za ziwa letu hupenda usiku na alfajiri, na boti iliyojaa makabati haina nafasi ya kuinuka na wimbi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, Ukerewe. Kilijengwa kubeba abiria 101, na waliokufa wakazidi 220. Kile kilikuwa chombo cha chuma, tena mchana. Boti ya mbao ya usiku yenye friji, watoto na mtungi wa gesi haina hata hicho kidogo.

Ya pili ni kwamba mtu aliyeingia bila muhuri hana tarehe ya kuingia. Hawezi kuomba kibali, hawezi kuthibitisha kuwa friji ni yake, na siku jirani mpya akimkasirikia hana la kuonyesha. Utaokoa siku moja, na utaishi na hofu kwa miaka.

11. Mvuvi anayehama na zana

Nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki unaong'aa, ni marufuku Kenya, Tanzania na Uganda, na kokoro ni hivyo hivyo. Usizitie kwenye mzigo hata kwa kuzisahau. Injini ya boti iwe na risiti au barua ya mauzo yenye namba yake, kwa maana injini zinaibwa ziwani na isiyo na karatasi inadhaniwa ya wizi. Pata barua ya BMU, yaani kikundi kinachosimamia ufuo wako, iwe Mbita, Sindo au Litare, inayokutambulisha kwa BMU ya ufuo unaokwenda. Nchi zote tatu zina vikundi hivi, na barua ya wavuvi kwa wavuvi husomwa kwa heshima. Haimalizi shughuli, leseni ya uvuvi ya kule bado utaiomba.

12. Kuku, miche, mbwa

Kuku wale wa nyumbani wauzwe au wapewe nyanya ya watoto. Kuwavusha kihalali kunahitaji cheti cha daktari wa mifugo wa huku na kibali cha kule, na thamani yao haifikii usumbufu huo. Miche na mbegu zinataka cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa mimea. Mbwa na paka wachanjwe kichaa cha mbwa, cheti kibebwe, na daktari wa mifugo aulizwe mapema.

13. Wa Uganda wapande feri

Anayekwenda Busia au Malaba na gari dogo asizunguke Kendu Bay na Kisumu bila sababu. Feri ya Mbita hadi Luanda K'Otieno hubeba magari, na ukishuka uko Rarieda, njia ya Bondo inakungoja. Uliza ratiba na nafasi ya gari siku moja kabla, na ukiwa na lori lililojaa uulize uzito unaokubaliwa. Busia nayo ni kituo cha pamoja, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018. Mengine yote ya forodha yaliyosemwa juu yanatumika, ila ofisi utakayokutana nayo ni URA, mamlaka ya mapato ya Uganda.

14. Wa mbali, na wanaorudi

Anayekwenda Marekani au Ghuba asijisumbue na vyombo. Mabegi ya ndege yajaze nguo, vyeti, picha za familia na zile dawa. Anayerudi nyumbani Rusinga baada ya miaka ng'ambo ana nafuu ile ile ya vyombo vilivyotumika, na hata gari moja, ikiwa alilimiliki na kulitumia kule kwa miezi 12 au zaidi. Lakini Kenya inataka usukani wa kulia na gari lisilozidi umri wa miaka minane. Asome masharti yote ya KRA kabla ya kulipia kontena la kwenda Mombasa, kwani yapo na mengine.

15. Dala haihami

Anayeanzisha boma kwa desturi ya Kijaluo huingia na jogoo, shoka na moto, pamoja na mkewe na mwanawe wa kwanza. Nyumba ya kupanga Mwanza haifanyiwi hivyo. Dala yako, yaani boma la kwenu, imebaki Rusinga, Gembe au Lambwe, nayo inahitaji kupangiwa kama lori linavyopangiwa. Mchague mtu mmoja wa kuitunza, mwachie funguo na pesa ya paa, na umwambie mbele ya ndugu wengine. Mwachie kitanda, meza na viti vichache: utarudi kwenye mazishi na harusi, na mgeni katika nyumba yake mwenyewe haombi mkeka kwa jirani.

Hati ya shamba isivuke mpaka. Weka ya asili benki au kwa mtu unayemwamini kabisa, ubebe nakala. Chama chako kiage kikaoni, chukua akiba yako kwa maandishi, na deni lako lilipe kabla lori halijawashwa.

16. Wiki ya kwanza

Ukifika Tanzania, nenda ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji ukajitambulishe kwa mwenyekiti, ukiwa na pasipoti zenye mihuri na mkataba wa nyumba. Watoto wafundishwe njiani kuwaamkia wakubwa shikamoo kabla ya kusema lolote, kwa sababu mtaani kule mtoto hupimwa hapo kwanza. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto aliyezoea kusoma sayansi kwa Kiingereza atahitaji msaada wa miezi michache: mwambie mwalimu siku ya kuandikisha, asije akadhaniwa mzito. Mwaka wa shule huanza Januari kama Kenya, kwa hiyo ukiweza kuhama Desemba, hama Desemba. Ofisi ya mtaa ndiyo pia itakayokuandikia barua ya utambulisho utakapotakiwa nayo benki au shuleni, na mwenyekiti aliyekuona wiki ya kwanza huiandika bila kukuzungusha.